Itaendelea: Hadithi Iliyokatwa, Kutoka Sinema za Mfululizo hadi Magazeti ya Kiswahili

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, neno taharuki lina kiti chake. Kila mwanafunzi wa kidato cha tano hulifahamu: ni hali ya msomaji au mtazamaji kushikwa na shauku na wasiwasi kuhusu litakalofuata. Lakini kitendo cha kuikata hadithi kwa makusudi pale shauku hiyo inapofika kileleni, na kumwachia msomaji siku saba za kusubiri, hakijapata istilahi iliyokubaliwa na wataalamu wote. Wasomaji hawakuwangoja wataalamu. Wana neno lao moja, lililozoeleka kuchapishwa kwa herufi nzito chini ya safu ya hadithi: ITAENDELEA. Mhadhara huu unalifuatilia neno hilo. Unaanzia mbali, katika majumba ya sinema ya Marekani ya miaka ya 1910, na kuishia katika simu za mkononi. Unadai kwamba uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, kwa kuwa umezoea kusoma kitabu kilichokwisha kujalidiwa, umekuwa ukiihukumu vibaya sehemu kubwa ya maandishi yanayosomwa na watu.

Suala hili lina haki ya kujadiliwa Nyegezi. Taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa hapa na Kanisa Katoliki mwaka 1960, ambayo mwaka 1998 ilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ilijulikana nchini kwa kufundisha waandishi wa habari kabla ya kujulikana kwa jambo lingine lolote. Nao waandishi wa habari, si maprofesa wa fasihi, ndio wanaoamua hadithi ya gazetini ikatwe wapi.

Sinema ya mfululizo, tofauti na inavyodhaniwa, ilizaliwa na gazeti. Mwaka 1912 kampuni ya Edison ilitoa What Happened to Mary, filamu za kila mwezi zilizokwenda sambamba na hadithi iliyokuwa ikichapishwa katika jarida la wanawake liitwalo The Ladies' World. Mwishoni mwa mwaka 1913 ikafuata The Adventures of Kathlyn, iliyotengenezwa na kampuni ya Selig kwa ushirikiano na gazeti la Chicago Tribune. Mwaka 1914 ikaja The Perils of Pauline, yake Pearl White, ikiungwa mkono na magazeti ya William Randolph Hearst. Nia ya wenye magazeti haikuwa sanaa. Walikuwa katika vita vya kuuza nakala, na waligundua kwamba mtu aliyeachwa na swali jioni ya leo atanunua gazeti wiki ijayo ili apate jibu. Ujanja huo hata kwa magazeti haukuwa mpya. Thomas Hardy, alipokuwa akichapisha A Pair of Blue Eyes kwa mafungu katika jarida la London miaka ya 1872 na 1873, alimwacha bwana mmoja akining'inia kwenye jabali la pwani, bahari ikinguruma chini yake. Wengi hupenda kusema kwamba jina la Kiingereza la mbinu hii lilitoka kwenye jabali hilo. Bwana yule aliokolewa kwa kamba iliyotengenezwa kwa nguo za ndani za mpenzi wake, jambo ambalo wahakiki wa enzi hiyo hawakulizungumzia kwa sauti kubwa.

Sinema za sauti zilipoingia, umbo la mfululizo likawa thabiti: sehemu kumi na mbili hadi kumi na tano, ya kwanza ndefu kidogo, zilizobaki za dakika kati ya kumi na tano na ishirini, moja kwa wiki, kwa kawaida Jumamosi. Kampuni tatu ndizo zilizotawala, Universal, Republic na Columbia. Flash Gordon ya Universal ilitoka mwaka 1936, na Adventures of Captain Marvel ya Republic mwaka 1941. Universal iliacha kuzitengeneza mwaka 1946, Republic mwaka 1955, na Columbia ikafunga mlango mwaka 1956, televisheni ilipokuwa imewachukua watoto wote wa Jumamosi.

Yafaa kuangalia kwa karibu jinsi sehemu moja ilivyounganishwa na nyingine, maana hapo ndipo penye somo kwa mtu wa fasihi. Sehemu ya tano, tuseme, inaishia gari la shujaa likitumbukia bondeni na kulipuka. Mtazamaji ameona kwa macho yake. Wiki inayofuata, sehemu ya sita inaanzia nyuma kidogo, kabla ya gari kufika ukingoni, na safari hii inaonyeshwa picha moja ambayo wiki iliyopita haikuwapo: shujaa akifungua mlango na kuruka. Watoto walijua kwamba wamedanganywa, wakazomea, na Jumamosi iliyofuata wakarudi. Kiungo cha sehemu mbili, basi, kilikuwa kinarudia kitu kilekile huku kikikibadilisha. Aliyeikosa sehemu ya tano alipewa muhtasari, na aliyeiona aliongezewa kipande. Marudio hayo yalikuwa kazi ya lazima ya fani yenyewe, nayo yatarudi mbele katika mjadala huu.

Kuna filamu moja ambayo mtu wa Kiswahili hawezi kuipita bila kusimama. Mwaka 1941 Republic ilitoa Jungle Girl, sehemu kumi na tano, wakitumia jina la riwaya ya Edgar Rice Burroughs. Riwaya yenyewe ya mwaka 1932 inasimulia habari za Kambodia, lakini watengenezaji waliichukua anwani wakaiacha hadithi, wakahamishia kisa Afrika, wakambuni msichana shujaa. Wakampa jina: Nyoka. Mwaka uliofuata akarudi katika Perils of Nyoka, sehemu kumi na tano nyingine, akichezwa na Kay Aldridge, akiyatafuta maandiko ya tiba ya Hippocrates katika majangwa ya Afrika ya Kaskazini, ambako Kiswahili hakijawahi kuwa lugha ya mtu. Filamu hiyo ilirudishwa sokoni mwaka 1952 kwa jina la Nyoka and the Tigermen. Kwa miaka kadhaa, basi, watoto wa Marekani walilishangilia neno la Kiswahili bila kujua kwamba ni neno. Kwao lilikuwa mlio tu wa mbali. Kwa msikilizaji wa Mwanza au Mombasa, mtu kuitwa nyoka ni tusi: ni mnafiki, anayeuma akiwa nyasini. Hakuna msimulizi wa Kiswahili angempa msichana mwema jina hilo isipokuwa kwa kejeli. Miaka ishirini na moja baadaye Howard Hawks aliyekuja kupiga picha Tanganyika aliita filamu yake Hatari!, na safari hii neno lilikuwa na maana yake kamili. Huo ulikuwa mwendo, ingawa mfupi.

Je, Waswahili walihitaji kufundishwa na sinema kukata hadithi? La hasha. Utenzi wa Rasi 'lGhuli, uliohaririwa na Leo van Kessel na kuchapishwa mwaka 1979, una beti zaidi ya 4,000 za vita, safari, mateka na majini. Utenzi wa urefu huo hauwezi kumalizwa kwa kikao kimoja. Mghani alilazimika kuchagua mahali pa kupumzika, na mghani mwenye akili hapumziki adui akiwa ameshinda wala shujaa akiwa amelala salama. Hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo zimesimuliwa pwani kwa mdomo na kwa chapa, zimejengwa juu ya mbinu hiyo hiyo, ila zimeisukuma mbali kuliko Hollywood ilivyothubutu: anayening'inia jabalini ni msimulizi mwenyewe. Alfajiri ikimkuta Shahrazadi amemaliza kisa, atauawa. Hadithi ya safari za hatari nayo ilikuwa imekwisha kuingia katika Kiswahili cha chapa kabla ya Nyoka kuzaliwa, kwani Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya Rider Haggard, ilitoka mwaka 1929.

Kilichokosekana bara, hususan katika vijiji vya pembezoni mwa Ziwa, kilikuwa ahadi ya wiki ijayo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na nadharia yake kuhusu jambo hili. Jaribio la filamu za elimu lililoendeshwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937 na L. A. Notcutt na G. C. Latham, lilitengeneza filamu 35 na kuzitembeza Afrika ya Mashariki na ya Kati. Baadaye Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa London mwaka 1939 chini ya William Sellers, kilishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazorukaruka. Filamu yake iwe ya polepole, picha ndefu, bila kuhama ghafla mahali na wakati, bila hila za kamera. Msomaji makini ataona nini kiliondolewa. Kuruka kutoka kwa msichana aliyefungwa relini kwenda kwa garimoshi linalokuja, kisha kurudi kwa msichana, ndiyo taharuki yenyewe ya sinema. Mwanakijiji alipewa somo lililokamilika, lenye mwanzo, kati na mwisho, kuhusu choo au ngozi za ng'ombe. Lori la sinema likafungasha nguo yake nyeupe na jenereta yake, likaondoka. Hapakuwa na swali la kumrudisha mtu, na hata swali lingekuwapo, lori lenyewe lisingerudi kwa siku iliyojulikana.

Nadharia ya Sellers ilikuwa ya uongo, na ushahidi ulikuwa wazi kwa aliyetaka kuuona. Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker alifanya utafiti miaka ya 1953 na 1954, wafanyakazi walizipenda filamu za makauboi kupita zote, nazo zilikuwa filamu za kurukaruka tupu. Katika miji ya Afrika ya Mashariki, filamu za Kihindi zilijaza majumba ya sinema kwa miongo mingi. Baadhi ya watengenezaji wake walikuwa wanafunzi wa moja kwa moja wa sinema ya mfululizo: ndugu Wadia wa Bombay, waliomtoa Fearless Nadia na mjeledi wake katika Hunterwali mwaka 1935, walikuwa wamekua wakimtazama Pearl White. Hata upande wa serikali mambo yalilegea kidogo. Filamu za Kiswahili za Tanganyika za mwanzoni mwa miaka ya 1950, kama Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, ambamo Rashidi Kawawa aliyekuja kuwa Waziri Mkuu alikuwa mchezaji mkuu, zilikubali angalau kwamba mtazamaji anataka kisa.

Watazamaji hao ndio waliokitajirisha Kiswahili kwa neno stelingi. Stelingi ni yule anayebeba filamu, na kanuni yake ya kwanza, inayojulikana na kila mtoto aliyewahi kulipa kuingia kibanda umiza, ni kwamba stelingi hafi. Kanuni hii husemwa kwa utani, lakini imebeba nadharia nzima ya taharuki, na huenda ni nadharia bora kuliko ile ya vitabu vya kiada. Vitabu husema taharuki ni kutojua litakalotokea. Mtazamaji wa kibandani anajua litakalotokea: stelingi atapona. Asilolijua ni njia. Gari limelipuka, ametokaje? Ndiyo maana mtazamaji hakasiriki sana akigundua hila ya picha iliyoongezwa. Hakuja kupima uhai wa shujaa, alikuja kupima akili ya msimulizi. Ben Mtobwa aliielewa siri hii alipompeleka Joram Kiango kwenye hatari katika riwaya yenye anwani ya swali, Tutarudi na Roho Zetu? Msomaji analijua jibu kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, na bado anafungua. Elvis Musiba naye, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alimpitisha Willy Gamba katika risasi nyingi ambazo hakuna msomaji aliyeamini kwamba zingemaliza kazi.

Ahadi ya wiki ijayo ilifika kwa wengi bara kupitia redio. Mwezi wa Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo wa nusu saa, mara mbili kwa wiki, uliofuata mbinu za Miguel Sabido wa Mexico za kuelimisha kwa maigizo. Watafiti waliuchunguza kwa namna ya pekee: kituo cha kurushia matangazo cha Dodoma hakikuurusha hadi mwaka 1995, ili wasikilizaji wa mikoa mingine walinganishwe na wasiousikia. Mwanza ilikuwa upande wa waliousikia. Hapa siku ilijulikana na saa ilijulikana. Majina nayo yalikuwa yamerudi nyumbani. Dereva wa lori asiyetulia na mke mmoja aliitwa Mkwaju, jina lenye uchachu wa tunda na uchungu wa fimbo. Mke aliyemsaliti aliitwa Tunu. Linganisha na Nyoka. Na Mkwaju, kwa ugonjwa wa UKIMWI, alikufa. Waandishi waliivunja kanuni ya stelingi kwa mtu ambaye wasikilizaji walikuwa wamemzoea kwa miaka, na kwa ajili ya somo walilokusudia hawakuwa na budi.

Magazeti yalipofunguliwa milango mwanzoni mwa miaka ya 1990, safu ya hadithi ilipanuka ajabu. Kati ya walioipeleka mbali zaidi ni Eric James Shigongo, mwenyeji wa Buchosa, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza inayoonekana kutoka ufuko wa Nyegezi, na aliyechaguliwa kuwa mbunge wa huko mwaka 2020. Magazeti ya kampuni yake ya Global Publishers, kama Uwazi na Ijumaa, yalichapisha riwaya zake kwa mafungu, na baadaye zikatoka kuwa vitabu. Uta Reuster-Jahn aliziandikia makala katika jarida la Swahili Forum mwaka 2008. Wataalamu waliomfuata ni wachache. Mtu akiuliza habari za fasihi ya Kiswahili ya upande wa Ziwa ataelekezwa Ukerewe, na kwa haki: kwa Aniceti Kitereza, ambaye Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka yake ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na kwa Euphrase Kezilahabi. Ni vigumu kuona Buchosa ikitajwa katika orodha hiyo.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni ubora. Husemwa kwamba riwaya za magazetini zina marudio mengi, matukio mengi kupita kiasi, na miruko isiyo na mantiki. Baadhi ya lawama hizi ni za kweli, wala mhadhara huu haudai kwamba kila hadithi ya Ijumaa ni johari. Lakini lawama ya marudio inastahili kuchunguzwa upya. Msomaji wa kitabu, akiona sura inaanza kwa kueleza tena mhusika ni nani, yuko hospitali gani, na nani amemwekea sumu, huchoka, maana ameyasoma hayo dakika mbili zilizopita. Msomaji wa gazeti aliyasoma siku saba zilizopita, au hakuyasoma kabisa kwa kuwa nakala ya kinyozi ilikuwa imechukuliwa na mteja aliyemtangulia. Aya ile inayomchosha mhakiki ndiyo ile picha ya gari kabla ya kufika ukingoni. Ni kiungo. Mhariri wa kitabu akikiacha, riwaya inaonekana imeandikwa ovyo. Akikifuta, anafuta alama ya mahali pumzi ya wasomaji iliposhikwa kwa wiki nzima. Kwa vyovyote, anayehakiki kitabu peke yake hahakiki kazi ile iliyosomwa.

Tatizo ni kwamba kazi iliyosomwa inapotea. Karatasi ya gazeti haikutengenezwa idumu, na ni watu wachache waliohifadhi magazeti pendwa. Nakala za Ijumaa moja zilifungia maandazi Jumatatu. Vitabu vilivyotokana nazo vimebaki kwa sababu vina majalada, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili huchagua kinachopatikana. Utafiti ambao ungeweza kufanywa na mwanafunzi mmoja mwenye subira, wa kuweka mafungu ya gazetini ya riwaya moja kando ya kitabu chake na kuhesabu viungo vilivyofutwa, unahitaji mafungu hayo yawepo kwanza.

Mbinu yenyewe haikusubiri. Katika miaka ya 2000, filamu za Kitanzania ziliuzwa kwa sehemu mbili, diski ya kwanza ikiishia pale ambapo mtu hawezi kulala bila kununua ya pili, nazo filamu za kigeni zikapata watafsiri waliozisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, Lufufu na DJ Mark wakiwa miongoni mwa waliovuma. Leo hadithi hutumwa katika makundi ya WhatsApp. Mtunzi hutoa sehemu kumi au ishirini bure, kisha huikata hadithi mlango unapogongwa usiku, na chini ya neno ITAENDELEA huweka namba ya kulipia kwa simu. Anayelipa mia chache hupokea sehemu inayofuata. Anayepoteza simu hupoteza na hadithi.